Barua kwa mwanangu: mwenye picha ni nani?

Mwanangu,

Barua nimeipata, na ile kadi uliyonunua makumbusho ya Vienna nimeiegemeza kwenye redio. Unauliza kama Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania, alimpendezesha Margarita, binti wa mfalme huyo, au alimchora alivyo. Mimi nauliza jingine: picha ilikuwa ya nani? Nimewaambia tangu mko wadogo, mwenye picha siye aliyekaa kitini.

Mtoto ana miaka minane, mwaka 1659, keshakusudiwa Kaisari Leopold wa Vienna, mjomba wake khalisi. (Sheikh gani huku angefungisha ndoa hiyo?) Madrid wanachora, Vienna wanapokea: kwanza gauni la waridi, kisha jeupe, kisha hilo la buluu. Mchumba anakua kwa picha. Unasema ukisogea karibu, fedha ya gauni inakuwa madoa ya brashi matupu. Ukirudi nyuma inang'aa. Hapo nikaikumbuka penseli yangu.

Kovu la uji la shangazi yako unalijua. Ilipokuja posa ya Maskati, picha ilipigwa pale studio nilipokuwa najifunza kazi. Usiku nikaiweka negativu, ile ya kuchapia picha, juu ya kioo chenye taa, nikachonga penseli ikawa kama sindano, nikalijaza kovu nukta kwa nukta. Kazi safi, nasema mwenyewe! Nilipompa akaitazama, akajipapasa shavu, akanirudishia.

"Basi mwozeni huyu."

Nilidhani namsitiri. Hakuniomba sitara. Lakini bibi yako ndiye aliyeniamuru, na picha ilikuwa ya kwenda Maskati, si ya kubaki kwake; mwenye picha siye aliyekaa kitini. Nikimwambia shangazi yako maneno hayo, yananikwama kooni. Posa ilivunjika kwa mambo ya mahari. Ndivyo nilivyoambiwa.

Na Velázquez? Mfalme Felipe wa Nne, baba wa yule mtoto, alichorwa naye miaka nenda miaka rudi, na kidevu chake kirefu Velázquez hakukificha. Kwa hiyo huenda na binti hakumpendezesha. Au mfalme hapelekwi kwa mtu kuchaguliwa, ndiyo maana akaachiwa kidevu chake. Ulimi unaniwasha nikwambie ni lipi, ila mimi si mtu wa kuulizwa hilo.

Ukirudi pale liache gauni. Tazama ule mkono ulioshika manyoya ya kukinga baridi, uniandikie kama umeyakamata au umeyashika tu.

Baba yako