Asali yetu iko wapi kwenye grafu?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji huku Tukuyu. Tunakusanya maziwa, na tangu mwaka jana kina mama kadhaa wamejiunga na mizinga yao, kwa hiyo tunauza na asali. Kila mwezi najaza kwenye Excel lita za maziwa, kilo za asali na mapato kwa shilingi. Nilichora grafu ya nguzo kwa ajili ya mkutano mkuu. Nguzo za mapato zikasimama mpaka juu, maziwa na asali havionekani kabisa. Mama mmoja wa mizinga akasimama akauliza, “Asali yetu iko wapi hapo?” Nikakosa la kusema. Kijana wa steshenari amenishauri nitumie mhimili wa pili, mwenzake kasema skeli ya logi. Nifuate lipi? Namba zenyewe ni hizi:

Mei: maziwa lita 8,000, asali kilo 20, mapato sh. 7,400,000
Juni: lita 7,600, kilo 25, sh. 7,090,000
Julai: lita 6,800, kilo 40, sh. 6,520,000
Agosti: lita 6,000, kilo 50, sh. 5,900,000

Maziwa tunauza sh. 900 kwa lita, asali sh. 10,000 kwa kilo.

Katibu, Tukuyu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Ndaga kwa kuniletea na namba zenyewe, maana wengi huniandikia “grafu yangu imeharibika” halafu basi. Nafundisha watunza hesabu wa vikundi hapa Mwanjelwa, na swali la huyo mama wa mizinga naliweka mbele ya maswali yote ya kompyuta. Ameleta asali yake, imepimwa, imeandikwa daftarini, halafu siku ya mkutano haimo. Ana haki ya kuuliza, na kikundi kina wajibu wa kumjibu kwa karatasi inayoonekana.

Kwanza tuone asali imepotelea wapi. Tuseme grafu uliyochapa ina kimo cha sentimita 10, na mhimili wake wa wima unaishia 8,000,000. Mapato ya Mei yatapanda zaidi ya sentimita 9. Lita 8,000 za maziwa zitapata sehemu moja ya kumi ya milimita. Kilo 50 za asali za Agosti, mwezi wenu mzuri kuliko yote, hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Hakuna printa inayoweza kuchora nguzo ya kimo hicho. Excel imefanya ulichoiagiza: umeipa lita, kilo na shilingi, ukaiambia izipime zote kwenye kipimo kimoja. Dhahabu ya Chunya haipimwi kwenye mizani ya magunia ya viazi.

Sasa ushauri wa kijana wa kwanza, mhimili wa pili. Kuuweka ni rahisi: kwenye grafu ya mistari, bofya mara mbili mstari wa asali, upande wa kulia litafunguka dirisha la mpangilio, humo utachagua mhimili wa pili. Namba za asali zitahamia kulia na mstari wake utapanda uonekane. Watu wengi huishia hapo wakifurahi. Mimi nakuomba ufanye jaribio moja kabla hujafurahi.

Chora maziwa na asali tu. Kushoto weka maziwa, kuanzia 0 mpaka 8,000. Kulia weka asali, kuanzia 0 mpaka 50. Utaona maziwa yanashuka, asali inapanda, na kati ya Julai na Agosti mistari inakatana. Asali inaibuka juu. Mwanachama yeyote atakayeitazama atasema asali imeyapita maziwa. Haya, rudi kwenye mhimili wa kulia, badilisha kikomo kutoka 50 kiwe 100. Mistari haikatani tena, asali imelala chini mpaka mwisho. Hukugusa namba hata moja, umebadilisha kikomo tu, na hadithi imegeuka. Kilo 50 haziwezi “kuzipita” lita 6,000, kwa sababu si vitu vinavyoshindana. Makutano yale umeyatengeneza wewe.

Mskoti William Playfair, aliyechapisha kitabu chake cha grafu za biashara huko London mwaka 1786, alichora mistari miwili kwenye grafu moja: bidhaa ambazo Uingereza iliziagiza kutoka Denmark na Norway, na zile ilizoziuza huko. Mistari ile nayo inakatana, lakini kwake makutano yana maana, kwa kuwa yote miwili inahesabu pauni. Upande mmoja wa makutano Uingereza inapoteza, upande wa pili inapata, na nafasi iliyo katikati ya mistari ni fedha halisi. Ndiyo maana kabla ya kuweka mistari miwili pamoja huwa nauliza: nikitoa mmoja kwenye mwingine, ninachopata kina jina? Shilingi ukitoa shilingi unapata faida au hasara. Lita ukitoa kilo hupati kitu.

Kijana wa pili kasema skeli ya logi. Huyu hajakosea kwa kila jambo, ila ameipeleka mahali si pake. Kwenye skeli hiyo hatua kutoka 10 hadi 100 ina urefu sawa na ya kutoka 100 hadi 1,000, na sawa na ya kutoka 1,000 hadi 10,000. Kila hatua ni kuzidisha kwa kumi. Logi zenyewe alizitangaza John Napier, naye Mskoti, mwaka 1614, na kama ulisoma sekondari umezifungua kwenye kitabu cha majedwali. Hata huko kwenu mnaishi nazo: wakulima wa chai wa Rungwe wakipimiwa udongo huambiwa pH yake, kipimo cha asidi kinachotumia logi, na udongo wa pH 5 una asidi mara kumi ya ule wa pH 6. Chai inapenda udongo wa asidi, kama pH 4.5 hadi 5.5, kwa hiyo tofauti ya namba moja pale ni jambo kubwa shambani.

Tatizo ni hili. Ukiweka shilingi, lita na kilo zako kwenye skeli ya logi kuanzia 10 hadi 10,000,000, vyote vitatu vitaonekana, ni kweli. Lakini maziwa yenu yameshuka kutoka 8,000 hadi 6,000, robo nzima imepotea, na kwenye karatasi ya sentimita 10 mshuko huo hautazidi milimita mbili na kidogo. Mstari utaonekana kama umenyooka. Umemwonyesha mama asali yake, na papo hapo umewaficha wafugaji hasara yao! Tena skeli ya logi haina sifuri. Mwezi ambao mizinga haikurinwa, nukta ya asali haina pa kukaa. Na nguzo usizichore kabisa kwa logi, kwa sababu macho ya mtu hulinganisha urefu wa nguzo kuanzia sakafuni, na logi haina sakafu. Siku utakapokuwa na akiba ya kikundi ya miaka kumi, iliyoanza kwa laki moja ikafika makumi ya mamilioni, hapo tumia logi na mstari: akiba ikikua kwa asilimia ileile kila mwaka, mstari unanyooka, ikilegea unapinda, na kila mtu anaona.

Kwa hiyo nifuate lipi, umeniuliza. Kwa mkutano wako, hakuna.

Mkutano mkuu unataka kujua nini? Nadhani unataka kujua fedha imetoka wapi, na kwa nini inapungua. Basi geuza kila kitu kiwe shilingi. Bei unazo. Maziwa ya Mei yameleta 7,200,000 na asali 200,000. Maziwa ya Agosti yameleta 5,400,000 na asali 500,000. Chora nguzo moja kwa kila mwezi, chini maziwa, juu yake asali kwa rangi nyingine, ya njano kwa mfano. Kwenye karatasi ileile ya sentimita 10, asali ya Mei itakuwa na unene wa milimita mbili na nusu, ya Agosti zaidi ya milimita sita. Inaonekana kutoka benchi la mbele, na inaonekana ikinenepa mwezi hadi mwezi huku nguzo yote ikifupika. Mama wa mizinga ameipata asali yake. Wafugaji nao wameona kwamba maziwa yamepunguza 1,800,000 na asali imerudisha 300,000 tu. Hapo ndipo mazungumzo ya majani na maji ya kiangazi yanapoanza, na hayo ndiyo mazungumzo mliyokutania.

Chini ya grafu hiyo weka mbili ndogo, moja ya lita, nyingine ya kilo, kila moja na mhimili wake unaoanzia sifuri. Zipange moja chini ya nyingine, zilingane upana, miezi ikae kwenye mstari mmoja wa wima ili mtu ashushe kidole kutoka Julai ya juu mpaka Julai ya chini. Kama hamna projekta, chora kwa mkono kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene. Nimeona manila iliyochorwa kwa rula ikieleweka kuliko picha ya projekta inayotetemeka ukutani.

Kuna njia nyingine utakayokutana nayo, ya kuuita mwezi wa kwanza 100. Kama miezi iko safu A, maziwa B, asali C na mapato D, nenda F2 uandike =B2/B$2*100, kisha buruta kulia mpaka H na chini mpaka mstari wa 5. Alama ya dola inaibana Mei isihame. Utapata maziwa 100, 95, 85, 75. Asali 100, 125, 200, 250. Mapato 100, 96, 88, 80. Vyote vinaingia kwenye grafu moja vizuri, kwa kuwa sasa vyote ni asilimia ya mwanzo. Ni nzuri kwa kamati. Kwenye mkutano wa wote ninaiogopa: asali itaonekana imeruka mpaka 250 kama mkombozi wa kikundi, kumbe ilianzia kilo 20. Ukiitumia, andika shilingi pembeni.

Na usije ukashawishika kuandika mapato kwa maelfu ya shilingi ili yawe 7,400 yakae karibu na lita 8,000 kwenye mhimili mmoja. Yatakaa, lakini ni kwa bahati ya bei yenu tu. Maziwa yakipanda hadi sh. 1,200, mistari itakatana, na mtu atakuuliza maana yake.

SWALI

Mwalimu, nauza mbao za paini hapa Mafinga. Nimejaza mauzo ya miezi yote, lakini kwenye grafu mwezi wa tatu na wa saba mstari unaanguka mpaka sifuri, na mwezi wa tano uko chini mno. Miezi hiyo niliuza vizuri.

JIBU

Tazama ulivyoandika hizo seli. Ninashuku mwezi wa tatu na wa saba umeandika kama kwenye risiti, 450,000/= na alama yake. Excel ikiona alama hiyo inahesabu kuwa ni maandishi, na maandishi kwenye grafu yanakuwa sifuri. Dalili yake ni kwamba yameegemea kushoto mwa seli, wakati namba huegemea kulia. Bonyeza Ctrl na H, tafuta /= na mahali pa kubadilishia pawe patupu, badilisha zote. Ukitaka alama irudi, iweke kwenye mpangilio wa namba kwa kuandika #,##0"/=" ili ionekane bila kuwa sehemu ya namba.

Mwezi wa tano nao huenda umetumia nukta badala ya mkato, 450.000, ikasomwa kuwa mia nne na hamsini tu. Huo uandike upya kwa mkono. Kisha jumlisha safu nzima kwa SUM na ulinganishe na jumla ya daftari. SUM huruka maandishi, kwa hiyo jumla ikipungua ujue bado kuna seli iliyobaki na alama.