Mafuta ya primrozi ya jioni na pumu ya ngozi

Dada, umeuliza kama mafuta haya yatakutuliza muwasho wa pumu ya ngozi, na kama kuna ubaya kuyameza huku unatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nianze na la pili maana ndilo zito: usiyaguse kabla hujaongea na daktari anayekupima damu. Yanaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu, na wafarini yenyewe haitaki mzaha.

Kuhusu ngozi, sifa zake ni nyingi kuliko kazi yake. Mafuta hukamuliwa kutoka kwenye mbegu za mmea uitwao Oenothera biennis, asili yake Amerika Kaskazini, na kinachosifiwa humo ni asidi ya gama-linoleniki, aina moja ya mafuta. Geuza chupa usome: kidonge cha miligramu 1000 kwa kawaida huwa na miligramu 80 hadi 100 tu za asidi hiyo, iliyobaki karibu yote ni mafuta mengine. Uingereza waliwahi kuyasajili kama dawa ya pumu ya ngozi na maumivu ya matiti, wakafuta leseni mwaka 2002 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Uchambuzi wa 2013 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, nao ukakuta hayana tofauti na vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa ndani.

Wengi huyavumilia vizuri, labda tumbo kuvurugika au kichwa kuuma kidogo. Ila mwenye kifafa naye aulize kwanza.

Kwa muwasho, mafuta mazito yasiyo na manukato, ukipaka ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, yatakufaa zaidi.