"She needn't pay" au "she doesn't need to pay"?

Zote mbili ni sahihi, mkuu. Need ina sura mbili. Ikiwa kitenzi cha kawaida huchukua to, s na do: she needs to pay, does she need to pay? Ikiwa kitenzi kisaidizi kama must, haichukui chochote kati ya hivyo: she needn't pay. Ila sura hii ya pili hukaa kwenye ukanushi na maswali. She need pay haikubaliki. Nafundisha Kiingereza sekondari, na kosa ninalolisahihisha sana ni kuzichanganya: she needn't to pay. Kuwa makini na wakati uliopita: she needn't have paid maana yake alilipa ingawa haikuhitajika, lakini she didn't need to pay haisemi kama alilipa au la.