Bajeti, msasa na tokeni ya stima: maswali yenu kuhusu kamati za Bunge la Kenya

Karibu kila barua mliyonitumia mwezi huu inauliza jambo lile lile kwa njia tofauti: nani hasa huamua, na sisi tumfikie wapi? Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Kila Juni tunamwona Waziri wa Fedha na mkoba wake akielekea Bungeni. Tunasikiliza hotuba, tunalalamika mitandaoni, basi. Malalamiko yetu yanafika kwa nani? – Msomaji, Kisii

Hayafiki kwa mtu, ndugu yangu, kwa sababu siku ya mkoba chungu kimeshaepuliwa. Kazi huanza mapema zaidi. Kufikia tarehe 15 Februari Hazina ya Taifa huwa imepeleka Bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti, waraka unaoweka kikomo cha fedha kwa kila sekta, na Bunge huwa na siku 14 pekee za kuujadili. Halafu, miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia 30 Aprili, yanaletwa makadirio yenyewe. Hapo kila wizara huitwa mbele ya kamati yake, Kilimo kwa Kamati ya Kilimo, Elimu kwa Kamati ya Elimu, na ripoti zote hukusanywa na Kamati ya Bajeti. Kifungu cha 221 cha Katiba kinaiamuru kamati itafute maoni ya wananchi, na kinasema maoni hayo yazingatiwe katika mapendekezo yake. Kwa hiyo mwezi wako ni Mei. Ukingoja hotuba umengoja tangazo.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hulichanganya. Makadirio yanahusu pesa zinavyotumika. Mswada wa Fedha unahusu kodi zinavyokusanywa, na huo uko chini ya kamati nyingine, Kamati ya Fedha na Mipango. Ndio uliotikisa nchi mwaka 2024. Tarehe 18 Juni ilitangazwa kwamba kodi ya asilimia 16 kwa mkate na ile ya asilimia 2.5 kwa magari zimeondolewa, na maoni ya umma yalichangia hilo. Lakini sehemu kubwa ya Mswada ilibaki. Tarehe 25 Juni Bunge likaupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia ndani ya jengo, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Vijana wetu waliuawa kwa risasi siku ile. Kila ninapoandika kuhusu vikao vya kusikiliza maoni huwakumbuka, kwa sababu kamati inayosikiliza kwa dhati ingetuepusha na mengi.

Kikundi chetu kiliandikia Kamati ya Bajeti kuhusu zahanati isiyo na dawa. Hatukujibiwa. Tulikosea wapi? – Mama wa kikundi, Kilifi

Mama, mliandika kwa uchungu wa haki, ila mlibisha mlango usio wenu. Jedwali la Nne la Katiba limeweka zahanati na vituo vya afya chini ya kaunti. Barua ile ingeenda kwa kamati ya bajeti ya Bunge la Kaunti, nayo husikiliza maoni katika miezi hiyo hiyo. Mwone mwakilishi wenu wa wadi kabla ya Aprili kwisha.

Kuhusu jinsi ya kuandika, nitawaambia kilichonifunza. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kikundi cha wakazi kuandaa kurasa tatu za maoni. Tulieleza umaskini, barabara, kusahauliwa, ahadi za kampeni. Tulisoma kwa sauti, mwenyekiti akashukuru, akaita wengine. Wakati wa chai, karani mmoja kijana akanijia na kitabu cha makadirio, kile kinene cha safu za tarakimu. Akakifungua mezani kando ya vikombe, akaweka kidole chini ya mstari mmoja. Akaniuliza, "Pesa mnayoitaka iko hapa, au haiko kabisa? Nipe mstari, nami nitamwonyesha mbunge." Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijawahi kukifungua kitabu kile.

Tangu siku hiyo naandika hivi: ukurasa mmoja, namba ya fungu (ile ya idara katika kitabu cha makadirio), kiasi kilichopo, kiasi tunachoomba, na kinapotoka. Idara ya Kawi, yaani nishati, kwa mfano ni fungu la 1152. Hilo la mwisho, kinapotoka, ndilo watu husahau, na ndilo la maana zaidi, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 39, imewafunga wabunge mikono. Wakiongeza mahali lazima wapunguze kwingine. Kikundi kinachosema "ongezeni" bila kusema "toeni kwa semina na safari zile" kimemwachia mbunge nusu ya kazi, na nusu hiyo huenda asiifanye.

Kupigwa msasa kwa mawaziri, yaani kuhojiwa na kamati kabla ya kuidhinishwa, kuna maana gani ikiwa wote hupita? Mimi naona ni igizo tu. – Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, si wote. Juni 2015 Monica Juma, aliyeteuliwa kuwa Katibu wa Baraza la Mawaziri, alikataliwa na Bunge la Taifa. Agosti 2024, baada ya Rais kulivunja Baraza lake la Mawaziri, Kamati ya Uteuzi ilimkataa Stella Soi Lang'at kwa Wizara ya Jinsia, na Bunge likakubaliana nayo. Wenzake 19 wakapita. Lakini kuna upande wako pia. Oktoba 2022 kamati hiyo hiyo ilipendekeza Peninah Malonza asipewe Utalii, ikisema hakuonyesha ufahamu wa kutosha, na Bunge likaipuuza kamati likamwidhinisha. Na huyo Juma aliyekataliwa 2015 alirudi 2018, akaidhinishwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na 2021 akahamishiwa Kawi. Hukumu ya kamati, basi, si ya milele, na wala si ya mwisho.

Mimi sioni igizo. Naona kazi iliyoachwa nusu, na nusu iliyoachwa ni yetu. Sheria ya mwaka 2011 ya uidhinishaji wa walioteuliwa inataka umma utangaziwe siku saba kabla ya mahojiano. Mtu yeyote anaweza kupeleka kwa Karani wa Bunge ushahidi wa kumpinga mteule, mradi uwe taarifa iliyoandikwa kwa kiapo. Kamati inapaswa kupima mambo matatu: utaratibu uliomfikisha mteule pale, matakwa ya sheria juu ya cheo hicho, na kama anakifaa kwa uwezo na uzoefu. Siku zinazopewa ni 28, na hapa ndipo wengi hawajui: zikipita bila Bunge kusema ndiyo wala hapana, mteule huhesabiwa ameidhinishwa. Kimya ni kibali.

Wanaoandika kwa Karani mara nyingi huandika hasira bila kiapo, au huandika uvumi walioupata WhatsApp. Kamati haiwezi kumuuliza mtu swali juu ya uvumi. Hati moja ya mahakama, au ukurasa mmoja wa ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali unaotaja ofisi aliyoiongoza mteule, utazua dakika kumi za maswali mbele ya kamera. Nikiangalia mahojiano yale kwenye runinga, huwa naangalia mikono ya mteule: akiulizwa kuhusu mali yake huzungumza kwa utulivu maana amejiandaa na wanasheria, akiulizwa juu ya karatasi asiyoitarajia, vidole huanza kutafuta kalamu. Karatasi ile mara nyingi ilitoka kwa mwananchi.

Nanunua tokeni ya shilingi 500 na stima haifiki wiki. Kamati gani ya Bunge nishike? – Fundi cherehani, Nakuru

Dada, fungua ule ujumbe wa tokeni kwenye simu. Baada ya namba ya mita na zile tarakimu ishirini, utaona Amt, yaani ulichotoa. TknAmt, kilichonunua umeme wenyewe. Na OtherCharges, makato mengine. Usiseme "stima ni ghali" ukaishia hapo. Fuata mistari, kwa sababu kila mstari una mwenyewe.

Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16 iko katika sheria za kodi; kuibadilisha ni Mswada wa Fedha, kwa hiyo ni Kamati ya Fedha. Ushuru wa asilimia 5 wa kusambaza umeme vijijini unatokana na sheria ya kawi. Bei ya msingi ya uniti huidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na mafuta iliyoanzishwa na Sheria ya Kawi ya 2019, kwa kipindi cha miaka mitatu, na kabla ya kuidhinisha lazima isikilize wananchi. Hicho ni kikao kingine ambacho mafundi kama wewe hawaonekani, ilhali wenye viwanda hufika na mawakili. Gharama ya mafuta ya jenereta na marekebisho ya thamani ya dola hubadilika kila mwezi. Shilingi ikianguka, bili inapanda hata kama hukuwasha taa ya ziada.

Mbona dola? Kwa sababu mikataba mingi ya kununua umeme kutoka kwa wazalishaji binafsi ilitiwa sahihi kwa fedha za kigeni, na baadhi inailazimu Kenya Power, kampuni inayotuuzia stima, kulipia uwezo wa mtambo hata usipotumika. Hapo ndipo kiini kilipo, na hapo ndipo Kamati ya Kawi ina kazi. Mwaka 2023 Bunge la Taifa lilisimamisha mikataba mipya huku kamati ikichunguza gharama ya stima, na kizuizi kiliondolewa mwaka 2025. Lililofuata ndilo la kutazama sasa: mikataba mipya itakuwa kwa shilingi au kwa dola, na itawekwa wazi au itafichwa? Mwandikie mbunge wako swali hilo hilo.

Kwa yaliyokwisha kutumika kuna Kamati ya Uwekezaji wa Umma, tawi la Biashara na Kawi, inayoyahoji mashirika ya serikali kwa kufuata ripoti za Mkaguzi Mkuu. Kumbuka mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana kule Loiyangalani, megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari, nyaya za kwenda Suswa zikachelewa hadi 2018, nasi tukalipia upepo uliovuma bure. Swali la nani alichelewesha na nani alilipa ni la kamati hiyo.

Na usidhani mambo haya hayageuki. Oktoba 2024 kampuni ya kusafirisha umeme, KETRACO, ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Adani ya India wa dola zipatazo milioni 736. Mahakama ikausimamisha, watu wakapaza sauti, na tarehe 21 Novemba Rais akatangaza kuufuta akiwa ndani ya Bunge, wabunge wakishangilia. Kinachoniuma ni kwamba mkataba mkubwa hivyo ulihitaji mahakama na maandamano ili uulizwe maswali ambayo kamati ilipaswa kuuliza kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Naweza kuingia kwenye kikao cha kamati, au ni cha wakubwa? – Mwanafunzi, Eldoret

Unaweza. Kifungu cha 118 cha Katiba kinasema vikao vya Bunge na vya kamati zake viwe wazi, na umma hauwezi kufungiwa nje ila Spika aone kuna sababu zisizo za kawaida. Beba kitambulisho, fika mapema, kaa kimya.

Sisi Tanzania mbona mawaziri hawapigwi msasa? Bunge letu halina meno? – Msomaji, Arusha

Kaka, kati ya mawaziri Katiba yenu imetaka Bunge limthibitishe Waziri Mkuu pekee. Mawaziri huteuliwa na Rais akishauriana na Waziri Mkuu, na hakuna kamati inayowahoji kwanza. Mimi ningependa mngekuwa na mahojiano kama yetu. Ila meno mliyaonyesha, tena kwenye nishati, ambayo sisi huku huiita kawi. Mwaka 2006 kampuni ya Richmond ilipewa mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na haikutimiza. Kamati teule chini ya Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake Februari 2008, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Mwaka 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ikalifungua sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, na Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akaondoka. Huku Kenya sijaona ripoti ya kamati iliyomng'oa mtu mkubwa kiasi hicho kwa siku moja. Tunawapiga msasa wakiingia, halafu tunawasahau ndani.

Je, serikali ikishapitisha bajeti inaweza kutumia zaidi bila kuuliza? – Msomaji, Thika

Inaweza, kidogo. Kifungu cha 223 cha Katiba ya Kenya kinaruhusu matumizi ya ziada kwa jambo lisilotarajiwa, lakini ndani ya miezi miwili tangu pesa za kwanza zitoke lazima Bunge liombwe kibali, na ziada hiyo isizidi asilimia 10 ya zilizoidhinishwa mwaka huo. Bajeti ya nyongeza husomwa haraka na magazeti huipa nafasi ndogo. Isome.

Lazima maoni yawe kwa Kiingereza? Baba yangu ana mengi ya kusema lakini anaogopa. – Binti, Kwale

Mwambie mzee asiogope. Kifungu cha 120 kimezitaja lugha rasmi za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Akae nawe jioni aseme, wewe uandike kama anavyosema. Juu andikeni "Kwa Karani wa Bunge la Taifa, Majengo ya Bunge, Nairobi", chini yake jina la kamati, kisha fungu na kiasi. Mwishoni aweke sahihi yake, au kidole gumba, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.