Usiyatupe mawe yako ya zamani

Salaam ndugu yangu. Umeuliza kama ukihama kutoka tangi la samaki wa baharini la lita 120 kwenda la lita 300 uyatupe mawe hai yako ya miaka 3 (vipande vya matumbawe yaliyokufa, vyenye bakteria wanaosafisha maji) uanze na mapya. Nakusihi usiyatupe. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, wamejijenga kwenye vitundu vya mawe hayo, na kuwakuza upya huchukua wiki kadhaa.

Siku ya kuhama, teka maji ya tangi la zamani uyatie kwenye ndoo safi, mawe yazame humo kabisa, pampu ndogo iyazungushe maji. Shika jiwe mojamoja, litikise ndani ya ndoo mpaka vumbi la kahawia litoke, kisha linuse. Jiwe lenye afya hunukia kama pwani maji yanapokupwa. Likinuka yai viza, liweke kando. Usioshe jiwe lolote kwa maji ya mfereji, klorini itawaua bakteria.

Kinachonitia hofu zaidi ni mchanga. Uchafu uliolala chini ukivurugwa waweza kupandisha amonia ghafla, kwa hiyo ni bora utie mchanga mpya.

Mawe yakipungua, ongeza makavu; bakteria watahamia polepole. Lakini tafadhali usiende kuvunja matumbawe baharini: Hifadhi ya Bahari ya Mombasa inalindwa tangu 1986, na miamba yetu imeshaumia vya kutosha.

Pima amonia kila siku kwa wiki 2. Samaki wapya wasubiri.