Risasi za bastola ya nyumbani

Kaka, umeuliza ununue risasi gani za bastola yako ya milimita 9, nawe unakaa apatimenti huko Ohio na mke na watoto wawili. Nunua zile zenye tundu kwenye ncha. Zikiingia mwilini hupanuka na kupunguza mwendo, ilhali za mazoezi, zilizovikwa shaba nzima, hutoboa na kuendelea. Na kuta zenu ni za jipsamu. Upande wa pili kuna kitanda cha mtoto, au jirani. Usidanganyike lakini: ukimkosa mtu, hata hizo zenye tundu zitapita ukutani, maana tundu likijaa vumbi la jipsamu mara nyingi hazipanuki. Jua kwanza nyuma ya unayemlenga kuna nani.

FBI, shirika la upelelezi la Marekani, hutaka risasi ipenye jeli ya majaribio, ile inayoiga nyama ya mwili, inchi 12 hadi 18. Chagua iliyofaulu hapo, achana na majina makali ya kwenye boksi. Kisha peleka boksi mbili kiwanja cha kulenga shabaha, uzipige kwa bastola hiyohiyo. Ni ghali, najua, ila zikikwamakwama badilisha aina.

Kinachonitia hofu zaidi ni hao watoto. Bastola ikae kwenye kisanduku cha chuma kinachofungwa, kamwe si chini ya mto. Na kama bado uko kwa viza ya muda, muone mwanasheria kabla hujanunua chochote: sheria ya shirikisho la Marekani inawakataza wengi wenye viza hizo kumiliki hata risasi moja.