Fundi wa Mashine za Maabara

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nina stashahada ya uhandisi wa vifaa tiba, na nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya kuhudumia mashine za kupima damu zinazojiendesha katika hospitali za mikoani. Nijiandae vipi? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, hongera. Mashine hizi hunyonya sampuli kwa sindano nyembamba inayopima mikrolita (sehemu ya milioni ya lita) chache tu, hivyo kiputo cha hewa au maji yasiyosafishwa vizuri huweza kupotosha majibu ya mgonjwa ilhali mashine inaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo, ukipata kazi, nakusihi usiikabidhi mashine uliyoihudumia kabla sampuli za udhibiti ubora, yaani zile ambazo majibu yake yanajulikana tayari, hazijatoa majibu sahihi, hata kama gari la kukurudisha linakusubiri. Na kwa kuwa utafanya kazi karibu na damu, chanjo ya homa ya ini aina ya B uikamilishe mapema.